Friji ya Gari Haikuharibika, Ilikuwa Chafu Tu

Wasee, hii stori nimeikalia miezi mitatu. Sikutaka kuitoa kwa sababu mimi ndiye yule mtu ambaye mwaka mzima nimewaonyesha vile maisha ya barabarani ni raha: gari, godoro nyuma, sola juu ya paa, na ile friji ndogo ya betri ambayo kila mtu huniuliza nilinunua wapi. Bei mnaijua. Jinsi ya kuiosha hakuna mtu amewahi kuniuliza, na mimi pia sikuwa nimewahi kujiuliza.

Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida. Nilitoka Eldoret asubuhi, nikapitia Iten, nikashuka bonde la Kerio, mpango ukiwa kupanda Kabarnet kisha niteremke upande wa Marigat, nyumbani kwa kogo. Kwa wale hawajui, kogo ni nyanya kwa Kikalenjin. Ndani ya friji kulikuwa na nyama, maziwa, soda, na mfuko wa karatasi wenye chupa nne za insulini. Kogo ana ugonjwa wa sukari na dawa ilikuwa imemwishia. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kufikisha zile chupa zikiwa baridi.

Pale Kerio nikaona mandhari imeweza, nikaegesha gari juani nikaenda kupiga video. Nilikaa karibu mchana wote. Kurudi, taa ya friji imezima. Betri ilikuwa imeshuka, na friji ikajizima yenyewe ili gari isikatae kuwaka. Ndani ya kisanduku, joto la nyuzi 39. Nyama ilikuwa imeanza kutoa harufu. Zile chupa nikazishika, zilikuwa na joto kama chai iliyosahaulika mezani.

Nesi wa dispensari aliangalia, akatingisha kichwa. Dawa ya insulini ikikaa kwa joto kama hilo inaweza kupoteza nguvu na kwa macho usione tofauti yoyote. Akasema asingemdunga mtu na dawa ambayo hajui kama bado inafanya kazi. Usiku huo kogo alilala bila sindano. Asubuhi kipimo cha sukari kilikuwa juu, tukakimbia Kabarnet kutafuta nyingine, na njia nzima ni yeye aliyekuwa ananituliza mimi.

Tuliporudi akasimama kando ya gari, akafungua mfuniko wa friji, akanusa.

“Hiki chombo ulikiosha lini?”

“Kogo, hiki ni cha stima.”

“Sijakuuliza kinakula nini. Nimekuuliza ulikiosha lini.”

Jibu lilikuwa: sijawahi. Nilikuwa nikikipangusa juu juu na tishu, basi. Fundi mmoja pale Marigat alifungua zile nafasi za hewa ubavuni, na ndani kulikuwa na vumbi limeshikana kama blanketi. Hapo ndipo nikaelewa. Watu wengi hudhani friji hutengeneza baridi. Haitengenezi. Inachukua joto lililo ndani ya kisanduku na kulitupa nje kupitia mabomba membamba ambayo mafundi huyaita kondensa, feni ikisaidia kupuliza. Mabomba yakifunikwa na vumbi, joto halina pa kutokea. Kompresa inazunguka bila kupumzika, inakunywa betri, betri inaisha, kisanduku kinazimika. Hakuna kitu kilikuwa kimeharibika. Fundi alitumia brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, dakika ishirini.

Hiyo aibu ndiyo ilinipeleka kusoma. Nilitaka kujua kama watu wote waliowahi kubeba baridi barabarani walikuwa wajinga kama mimi. Nimerudi na maoni, na niyaseme mapema ili usiyatafute: historia ya friji inayosafiri imeandikwa vibaya. Tunakariri nani alivumbua nini mwaka gani. Lakini ukiangalia kwa karibu, mahali baridi ilifika salama kulikuwa na mtu aliyekuwa akifuta, akizibua, akikausha. Mahali mtu huyo hakuwepo, mzigo ulioza.

Anza na barafu. Mwaka 1806 jamaa wa Boston anayeitwa Frederic Tudor alikata barafu ya ziwani wakati wa baridi, akaipakia melini na kuipeleka kisiwa cha Martinique kule Karibi. Watu walimcheka, na kibiashara ile safari ya kwanza ilimtia hasara. Lakini hakuacha. Mwaka 1833 meli yake, Tuscany, ilitoka Boston na tani 180 hivi za barafu kwenda Calcutta, India, safari ya karibu miezi minne inayovuka ikweta mara mbili. Zilizofika ni kama tani 100. Fikiria hiyo. Hakuna kompresa, hakuna waya, na zaidi ya nusu imefika.

Siri yake ilikuwa ukavu. Kwa miaka mingi alijifunza kupanga vipande vikae vimebanana, kuvizungushia vitu vikavu kama nyasi na maranda ya mbao, na kuhakikisha maji yanayoyeyuka hayabaki yamezunguka barafu. Maranda makavu huzuia joto. Yakilowa hayana kazi. Yaani hata katika ule ulimwengu wa barafu tupu, adui mkubwa pamoja na jua alikuwa maji yaliyotuama ndani ya chombo. Yule msee anayeendesha sanduku lake la barafu kutoka Nairobi hadi Diani na kufika na supu ya maji machafu yenye soseji zinazoelea, Tudor angemkata mshahara. Kile kitundu cha chini chenye kizibo hakikuwekwa kama urembo.

Halafu zikaja mashine. Hapa kuna stori ninayoipenda kuliko zote. Februari 1882 meli ya tanga inayoitwa Dunedin iliondoka Port Chalmers, New Zealand, ikiwa na karibu mizoga 5,000, mingi ya kondoo, ikielekea London. Ilikuwa na mashine ya kubaridisha hewa inayoendeshwa kwa makaa ya mawe. Tanga juu, bomba la moshi katikati, na cheche za moto zikitishia kuchoma tanga. Safari ilichukua siku 98.

Walipofika maeneo ya joto, wakagundua kwamba hewa baridi haizunguki vizuri kwenye shehena. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa njia ya hewa. Basi nahodha, John Whitson, akajipenyeza kwa tumbo ndani ya lile bomba kubwa la hewa na msumeno mkononi, akakata matundu zaidi. Baridi ikamlemea huko ndani hadi akashindwa kutoka. Ilibidi msaidizi wake aingie, amfunge kamba miguuni, wamvute nje kama gunia. Meli ilifika London mwezi Mei, na kati ya maelfu ya mizoga ni mmoja tu uliokataliwa. Biashara ya nyama ya New Zealand, ambayo imelisha ile nchi mpaka leo, ilianzia hapo.

Vitabu vingi huita hiyo safari ushindi wa teknolojia. Sawa. Lakini mimi naona mtu mzima, bosi wa meli, akitambaa ndani ya bomba kwa sababu hewa haikuwa inapita. Na mimi nilishindwa kununua brashi ya shilingi mia.

Barabara zilikuwa ngumu kuliko bahari. Meli huyumba polepole, lori linatetemeka. Mpaka miaka ya 1930 malori ya Marekani yaliyobeba nyama na kuku yalitegemea barafu na chumvi, na gari likiharibikia njiani siku ya jua, mzigo wote unatupwa. Watu walijaribu kufunga mashine za friji kwenye malori, zikawa kubwa mno, au zikalegea na kuvunjika kwa kutikiswa.

Aliyefaulu ni Frederick McKinley Jones, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa 1893, akabaki yatima akiwa mdogo na kuacha shule mapema. Mambo ya injini na umeme alijifunza mwenyewe, kwa vitabu na kwa kuchafua mikono, akiwa fundi katika mji mdogo wa Hallock, Minnesota. Mwishoni mwa miaka ya 1930, akiwa kwa mfanyabiashara Joseph Numero, alitengeneza mashine ya kubaridisha lori iliyostahimili mitetemo. Kampuni yao ndiyo ikawa Thermo King, jina ambalo ukisimama barabara ya Mombasa dakika kumi utaliona likipita.

Sasa sikia hii sehemu, kwa sababu huwa inarukwa. Mashine zao za mwanzo zilifungwa chini ya lori. Huko chini barabara ikafanya vile barabara hufanya: ikazitupia matope na vumbi. Baadaye mashine ikahamishwa juu, mbele ya bodi, kule ambako bado unaiona kwenye malori ya samaki na maua. Kwa hiyo ule umbo wa lori la friji tunalolijua, na kile kichwa chake kinachonguruma juu ya dereva, uliamuliwa kwa sehemu na uchafu. Jones aliwaza swali ambalo mimi sikuwaza: hiki kitu kitavuta hewa kutoka wapi, na hiyo hewa ina nini ndani yake?

Wakati wa vita vya pili vya dunia vifaa vyake vya baridi vilibeba damu, dawa na chakula cha wanajeshi. Alikufa 1961. Serikali ya Marekani ilimpa nishani yake ya taifa ya teknolojia mwaka 1991, miaka thelathini akiwa kaburini, yeye pamoja na Numero. Mimi nilisoma shule miaka kumi na mbili sijawahi kusikia jina lake, lakini hiyo ni post ya siku nyingine.

Turudi nyumbani, kwa sababu friji zilizofanya kazi kubwa zaidi katika nchi yetu hazikuwa na kompresa kabisa. Zilikuwa na moto.

Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa uhandisi mjini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji inayoendeshwa kwa joto. Najua inasikika kama uongo. Unapasha moto mchanganyiko wenye amonia, amonia inapanda ikiwa mvuke, inapoa na kuwa maji maji, kisha inapovukizwa tena ndani inavuta joto la kisanduku. Hakuna kitu kinachozunguka. Unahitaji mwali tu, uwe wa gesi au mafuta taa. Kampuni ya Electrolux iliichukua na kuanza kuiuza katikati ya miaka ya 1920. Friji nyingi za misafara zinazotumia gesi leo ni wajukuu wa ile.

Ukiambiwa friji isiyo na stima, mara moja unafikiria misheni, mashamba, na dispensari za mbali. Ndivyo ilivyokuwa. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa kupanua chanjo mwaka 1974, na Kenya ikaanza wake, KEPI, mwaka 1980. Watoto walikuwa wachanjwe surua, polio, pepopunda na mengineyo hadi vijiji ambavyo nguzo ya stima ilikuwa haijafika. Chanjo lazima isafiri ikiwa baridi kutoka kiwandani hadi kwenye mkono wa mtoto, ule wanaouita mnyororo wa baridi. Na katika vituo vingi kiungo cha mwisho cha ule mnyororo kilikuwa friji ya mafuta taa.

Ile friji ilikuwa kama ng'ombe wa maziwa, hukosi kumtembelea hata siku moja. Tangi lijazwe. Utambi ukatwe sawasawa, ukikatwa upande moto unawaka vibaya. Mwali uwe wa bluu. Ukiwa wa njano unatoa masizi, masizi yanaziba bomba la moshi, na bomba likiziba baridi inaisha. Friji yenyewe isimame sawa kabisa bila kuinama, kwa sababu yale maji ya ndani yanashuka kwa uzito wake tu. Mlango ufunguliwe mara chache. Joto lipimwe asubuhi na jioni, liandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, lisishuke chini ya nyuzi 2 wala kupita 8.

Nani alifanya hiyo kazi? Nesi, au yule mfanyakazi wa kufagia. Hakuna sanamu yao popote. Mimi nilichanjwa nikiwa mtoto, na wewe pia, na ukienda nyuma vizazi viwili kuna uwezekano mkubwa kwamba mzazi wako alichanjwa na dawa iliyolindwa na mtu aliyeamka alfajiri kukwangua masizi kwenye bomba. Tunasema “chanjo iliokoa maisha.” Ni kweli. Tuseme pia kuhusu makasi ya utambi.

Tatizo la chanjo ni kama la insulini ya kogo, ikiharibika kwa joto huioni. Ndiyo maana mwaka 1996 chupa za chanjo ya polio ya matone zilianza kuwekewa alama ndogo, mraba ndani ya duara, ambao hubadilika rangi kadiri joto linavyoipata. Mraba ukifikia weusi wa duara, tupa. Ile alama inasema kwamba mahali fulani njiani mtu alizembea. Friji yangu haina kitu kama hicho cha kunichongea. Ilibidi kogo anuse.

Halafu kuna stori ya Muguga, na hii iliniweka chini.

Ugonjwa wa sotoka uliingia pembe ya Afrika miaka ya mwisho ya 1880 ukashuka hadi kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ng'ombe walikufa karibu wote katika sehemu nyingi za wafugaji, na baada ya ng'ombe, watu wakafa njaa. Muda mrefu baadaye, katika maabara ya Muguga, pale karibu na Kikuyu, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka, salama, sindano moja inamlinda ng'ombe maisha yake yote. Hiyo ilikuwa karibu mwaka 1960. Imetoka hapa hapa, kilomita chache kutoka Nairobi, na bado wengi wetu tukipita Muguga tunafikiria msitu tu.

Chanjo ilikuwa nzuri lakini ilidai baridi. Kwa hiyo ili kumfikia mfugaji ilihitaji lori, friji, mafuta, barafu, dereva, na mtu wa kutunza vyote hivyo. Kampeni kubwa ya Afrika ilianza 1962 na ikaendelea hadi katikati ya miaka ya 1970, ugonjwa ukapungua sana. Lakini ulibaki kwenye mifuko ya mbali, ambako barabara huisha na kuna vita, Sudan ya Kusini, Karamoja, nchi ya Waafar, na miaka ya 1980 ukalipuka tena. Friji haikuweza kufika huko na kubaki hai. Si kwamba haikununuliwa. Friji za misaada hununuliwa kila mwaka. Ila kukaa hai jangwani ni kazi ya kila siku, na kazi ya kila siku haina mfadhili.

Basi wakageuza swali. Jeffrey Mariner na wenzake, kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, walichukua chanjo ya Plowright wakairekebisha jinsi inavyokuzwa na kukaushwa hadi ikaweza kukaa karibu mwezi mzima bila friji. Sanduku zito likaachwa nyuma. Wafugaji wenyewe wakafunzwa kuchanja, wakazibeba chupa kwa miguu hadi kwenye kambi za mifugo ambazo hakuna lori lingefika. Mwaka 2001 sotoka ilionekana kwa mara ya mwisho, kwa nyati wa Meru, hapa Kenya. Mwaka 2011 dunia ikatangaza imeisha kabisa, ugonjwa wa pili katika historia kufutwa baada ya ndui.

Kwangu hiyo ni sehemu ya historia ya friji ya safari, hata kama ni stori ya kuiacha. Watu wenye akili waliangalia kile chombo wakakiri kwamba huko kinakokwenda hakuna wa kukifuta, basi wakaondoa haja ya chombo. Kwa insulini hatujafika hapo. Kwa hiyo anayebaki ni mimi na kitambaa.

Na hapa ndipo narudi kwa swali la kogo, “ulikiosha lini,” kwa sababu hakulitoa hewani. Yeye ni mtu wa mursik. Kibuyu cha mursik, sotet, ni chombo cha kuhifadhi maziwa pasipo baridi yoyote, katika jamii iliyokuwa inahama na mifugo. Kabla ya kutiwa maziwa kinasuguliwa ndani kwa sosiot, ule ufagio mwembamba wa mtende, kinaoshwa, kinakaushwa. Kisha anachukua kijiti cha senetwet kinachowaka, anakiingiza ndani na kukisugulisha kwenye kuta hadi makaa yapakae kote. Moto na moshi vinaua wadudu, makaa yanaondoa harufu. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanaingia, na yanakaa siku na siku. Wasamburu, Waborana, Wasomali, nao wana miti yao na moshi wao wa kufukiza vyombo vya maziwa.

Mtu akikosea kusafisha sotet, maziwa yanaharibika na kila mtu anajua nani alikiosha. Kwa kogo, chombo cha chakula kisichooshwa hakijawa chombo bado. Sisi tumenunua friji tukadhani baridi imechukua nafasi ya usafi. Haijachukua. Baridi ya nyuzi 4 inawafanya wadudu wengi waende polepole, haiwaui. Damu ya nyama iliyodondoka kwenye kona ya friji yako bado iko hai, imelala tu, inangoja siku betri itakapozima pale Kerio.

Vile ninavyofanya siku hizi ni hivi, na si siri ya mtu. Kila nikirudi safari nachomoa waya kwanza, natoa kila kitu. Naosha ndani kwa maji ya vuguvugu na baking soda kidogo, au sabuni ya vyombo kiasi, si jiki, kwa sababu harufu yake inakaa na inaweza kuharibu plastiki na mpira. Maji simwagi ndani kama naosha sufuria. Natumia kitambaa kilichokamuliwa, stima iko karibu. Ule mpira wa mfuniko unapanguswa kwenye kila mkunjo kwa mswaki wa zamani, huko ndiko kuvu jeusi hupenda kuanzia. Halafu nabana noti ya hamsini kwenye mfuniko na kuivuta: ikitoka bila kushikiliwa, mpira umechoka na joto linaingia. Barafu ikijijenga ukutani naiacha iyeyuke yenyewe. Kuna msee alinitumia picha ameikwangua kwa kisu, akatoboa bomba la gesi ndani, na hiyo friji sasa ni kabati.

Kukausha ndiyo sehemu watu huruka, na Tudor alijua hiyo karibu miaka mia mbili iliyopita. Nafuta, naiacha wazi kivulini, na isipotumika mfuniko naukingama na kijiti usifunge kabisa. Ndani naweka vipande vya makaa kwenye soksi safi. Hiyo nimeiba kwa kogo. Zile nafasi za hewa napiga brashi kila wiki nikiwa barabara ya vumbi, na siku hizi sipangi mabegi ubavuni mwake, kwa sababu inahitaji nafasi ya kupumua. Kichwa cha waya kinachoingia kwenye soketi ya gari nakikagua kama kimeanza kuungua au kulegea. Na siegeshi juani kukiwa na dawa ndani, hata kama mandhari imeweza namna gani.

Kuna jambo moja sikuwaambia. Nyumbani kwa kogo hakuna friji. Insulini yake anaiweka kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati kuna mchanga anaoumwagia maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Ule upepo mkavu wa Marigat unakausha maji na kuondoka na joto. Haifiki nyuzi 4, lakini dawa anayoitumia inakaa poa, na kila Jumamosi anatoa chungu cha ndani, anakisugua, anakianika.

Mwezi uliopita nilimpelekea chupa nyingine. Sikusimama Kerio. Zilifika kwa nyuzi 5, nikampigia picha kioo cha friji nikiwa na furaha kama nimeshinda kura. Aliangalia picha, akachukua chupa mbili za kuanza nazo akaziweka chunguni mwake, zingine akasema nizipeleke zikakae kwenye friji ya dispensari. Halafu akarudi na karai la maji na kitambaa, akaweka kando ya gurudumu.

“Kabla hujaenda,” akasema.